Rebeka Alivyozindua Kaburi

Rebeka hana adabu. Ninaliandika hili mwanzoni kabisa, asije mtu akaniambia baadaye kwamba nilimficha. Hana adabu tangu tukiwa Kifanya, darasa la tatu, alipomwigiza mwalimu mkuu anavyopiga chafya, na mwalimu mkuu mwenyewe amesimama nyuma yake. Alichapwa viboko vinne. Cha tano hakikupatikana kwa sababu mwalimu alikuwa ameanza kucheka, na mtu anayecheka hawezi kupiga vizuri.

Leo ana miaka hamsini na miwili. Anauza parachichi Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya, na mimi na cherehani yangu tuko barazani nyuma yake, hatua saba hivi. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikishona huku namsikiliza, na nguo za watu kadhaa zimeharibika kwa sababu hiyo. Abiria akiinama dirishani kuuliza kama parachichi limeiva, Rebeka anamwambia, "Hili hapana, kaka. Hili litaiva ukifika kwako. Ila usilikalie kama ahadi ya kampeni, litaozea begini." Abiria anacheka, ananunua matatu.

Lakini Makambako nzima haimjui kwa parachichi. Inamjua kwa misiba.

Kwa asiyejua mambo yetu: sisi Wabena na Wangoni ni watani. Babu zao walikuja na mikuki wakachukua ng'ombe wetu, tukapigana mpaka pande zote mbili zikachoka, na baada ya kuchoka tukakubaliana tuwe tunatukanana tu. Ni mkataba mzuri kuliko mingi iliyosainiwa kwenye meza. Mngoni akifa, Mbena anakwenda kuchimba kaburi, kuchota maji, kupika, na kumsema marehemu yale ambayo ndugu zake wanayajua na hawathubutu kuyatamka. Mbena akifa, Mngoni anafanya vivyo hivyo. Mtani haudhiki. Akiudhika, anamlipa mwenzake kuku, na yameisha.

Rebeka mwenyewe aliwahi kufanyiwa. Miaka tisa iliyopita mume wake Hezekia, mpasua mbao, aliangukiwa na gogo shambani kwa watu. Siku tatu Rebeka hakula, hakulia, hakusema. Mtu mwenye mdomo ule kukaa kimya siku tatu, tuliogopa kuliko tulivyoogopa maiti. Siku ya tatu akaingia mzee Basil, Mngoni, mstaafu wa reli. Alikuwa amevaa koti la Hezekia, anatembea kama Hezekia siku ya malipo: mguu mmoja unakwenda nyumbani, mwingine unarudi kwenye kilabu cha ulanzi. Akasimama katikati ya waombolezaji, akaita, "Rebeka! Chakula kipo? Kama hakipo, narudi zangu kaburini, kule angalau hawanuni."

Rebeka akacheka. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza. Kisha akaomba ugali. Mimi ndiye niliyempakulia, na nasema mpaka leo kwamba ule ugali ndio uliomrudisha duniani. Jioni ile alimwambia Basil, "Ukitangulia wewe, mtani, nitakuzika mpaka padre acheke."

Basil akatangulia, mwaka huu, kifua.

Asubuhi ya maziko Rebeka alikuja barazani kwangu na mkoba wake wa misiba, ule wenye filimbi, kofia kuukuu na miwani isiyo na vioo.

"Kamwene, Mama Irine. Niazime mkasi."

"Wa nini?"

"Wa maua."

Nikampa mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa. Akaona na kipande cha utepe mwekundu wa satini kilichobaki kwenye gauni la harusi, akakichukua bila kuomba. Nilidhani nacho ni cha maua.

Maziko yalikuwa na watu wengi na manyunyu mengi. Padre alifanya yake kwa ufupi, Mungu ambariki. Ndipo akaitwa diwani wetu, Mheshimiwa Clemens, atoe salamu. Clemens ni Mngoni, na marehemu alikuwa baba yake mdogo. Ndiye aliyemlea na kumlipia shule. Basi ungetegemea aseme neno la mtoto kwa baba. Akasema, la kwanza. La pili akasema barabara. La tatu zahanati. La nne bomba la maji la mtaa wetu, "ambalo nililizindua mwenyewe na sasa akina mama wametuliwa ndoo kichwani." Alizungumza dakika ishirini na tano. Jeneza limekaa kwenye mvua, linamsikiliza.

Sasa kuhusu hilo bomba. Lilizinduliwa kweli, mwaka jana, kwa kwaya na tisheti na utepe. Maji yalitoka siku hiyo, yakatoka vizuri, kwa sababu nyuma ya ukuta palikuwa na gari la maji limeunganishwa na mpira. Gari lilipoondoka, maji nayo yakaondoka. Mzee Basil alikuwa wa kwanza kwenye foleni, alipata ndoo moja. Mpaka anakufa alikuwa anaiita ndoo ile "mgao wangu wa maendeleo."

Clemens alipomaliza, vijana wakashika kamba washushe jeneza. Rebeka akawazuia kwa filimbi.

"Simama! Treni haijaruhusiwa!"

Watu wakaanza kucheka, maana ile ilikuwa sauti ya Basil mwenyewe. Alikuwa amevaa kofia, na ile miwani. Akachomeka jembe moja upande huu wa kaburi, jembe jingine upande ule, akafunga utepe wangu mwekundu kutoka mpini hadi mpini. Mimi moyo wangu ukaanza kwenda mbio kabla ya miguu. Akakohoa kama Clemens anavyokohoa.

"Ndugu wananchi! Leo tunazindua mradi mkubwa. Mradi huu umechimbwa na vijana sita kwa ndoo mbili za ulanzi. Umekamilika kwa wakati. Umefika kina kile kile kilichosemwa, hakuna aliyekula futi hata moja. Na tofauti na bomba letu, ndugu wananchi, huu mzee Basil ataanza kuutumia leo leo!"

Padre aligeuka akatazama miti. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Ahadi ikawa imetimia.

"Sasa nimkaribishe mgeni rasmi," akasema Rebeka, anamwonyesha Clemens mkasi. "Mheshimiwa mtani, njoo ukate. Sisi wengine hatujazoea."

Na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapa. Clemens alikuja. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Akashika mkasi wangu, akakata utepe, watu wakapiga makofi, naye akampigia Rebeka magoti kwa mzaha, akasema, "Mtani, umenimaliza." Jeneza likashuka. Nilimwona Conjesta, mjane, amejifunika khanga mdomoni, anacheka na kulia kwa pamoja, na nikajua Basil amezikwa vizuri.

Lakini mtu mmoja alikuwa ameinua simu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Njombe kutafuta vitambaa vya sare. Asubuhi ile baridi ilikuwa ya kukata masikio, nikajisogeza kwenye saluni moja karibu na soko nipate joto la mashine. Wasichana wanne wameinamia simu moja, wanacheka. Nikasikia, "Mradi huu umechimbwa na vijana sita..." halafu ngoma ikaingia, dundu dundu dundu, halafu tena, "Hakuna aliyekula futi! Hakuna aliyekula futi!" Walikuwa wameiwekea mdundo. Rebeka wangu amegeuzwa kibwagizo.

"Huyo mama ni wa Tunduma," akasema mmoja.

"Wala. Ni mwigizaji huyo, kalipwa na wapinzani."

"Ila huyo diwani naye! Anazindua kaburi, tena anachekelea!"

Nikasema, "Huyo mama ni jirani yangu, na huo mkasi ni wangu." Wakanitazama vile vijana wanavyomtazama mtu wa umri wangu akisema amewahi kucheza disko.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama yule diwani ni ndugu wa marehemu. Hakuna aliyesema neno watani. Video ilikuwa ya dakika moja, na ndani ya dakika moja vita vya babu zetu havienei.

Na nitasema maoni yangu hapa, kwa kuwa hakuna wa kunikata. Mimi napenda vichekesho. Nina simu, nina bando, nashona nikitazama. Lakini wachekeshaji wetu wanaigiza nani? Mama wa kijijini aliyejifunga kitenge kifuani. Mlevi. Mkinga mwenye duka anayehesabu kiberiti. Msichana wa kazi kutoka kwetu huku Njombe, anayesema Kiswahili kama anatafuna mawe. Tunacheka, sawa, hata mimi nacheka. Lakini sijamwona anayeigiza mwenye gari la bendera, na nimetazama sana. Waimbaji nao ndio hao hao: mwaka wa kawaida wanaimba makalio, mwaka wa uchaguzi wanaimba barabara. Kumbe mtu aliyemsema mkubwa mbele ya macho yake ni muuza parachichi, tena alikuwa amevaa miwani isiyo na vioo. Ndiyo maana ilisambaa. Watu walikuwa na kiu, na si ya maji tu.

Clemens naye simu zikaanza kumfikia. Kura za maoni za chama chake zilikuwa zimebaki wiki chache, na huko juu wakamuuliza kama ana akili timamu. Wakampachika jina: Diwani wa Makaburi.

Jumatano, siku tatu kabla ya arobaini ya Basil, Rebeka akaletewa barua ya wito. Nilimsomea mimi kwa sababu miwani yake ya kweli alikuwa ameikalia. "Unatakiwa kufika ofisi ya kata kesho saa tatu kamili asubuhi bila kukosa, ukiwa na mkasi uliotumika."

"Mkasi ni wangu," nikasema. "Nina sare za shule thelathini."

"Basi twende wote. Mshitakiwa na silaha."

Alisema hivyo kwa mzaha. Lakini niliona parachichi alilokuwa analifuta: alilifuta mpaka ganda likaanza kubanduka.

Ofisini tulimkuta Clemens na mtendaji wa kata, Agustino, mtu mmoja wa kalamu nne mfukoni, aliyehamia kwetu juzi tu kutoka huko mashariki. Mkasi wangu ukachukuliwa, ukawekwa kwenye bahasha ya kaki.

"Karibu, Bi Rebeka," akasema Clemens.

Bi Rebeka! Miaka yote alikuwa anamwita mtani, mke wangu, kibibi, mchawi wa Kifanya. Rebeka akanikanyaga mguu chini ya benchi.

"Sikia," Clemens akaendelea, "hili jambo si la ugomvi. Mtendaji ameandaa maneno machache. Uyasome, tukurekodi, tuyarushe, tumalize. Ukikataa, Jumatatu faili linakwenda polisi Njombe. Kuna sheria ya mitandao."

"Mimi sina mtandao. Nina sinia la parachichi."

"Video ni yako."

"Video ni ya aliyepiga. Yangu ni sura."

Agustino akampa karatasi. Nikamsomea chini chini: Mimi Rebeka, naomba radhi kwa Mheshimiwa Diwani. Niliyosema si ya kweli. Nilitumwa na watu wasioitakia mema kata yetu. Nilikuwa nimelewa.

Rebeka akaniuliza, "Mama Irine, nisome?"

Nitasema ukweli. Nilimwambia, "Soma tuondoke." Niliogopa. Nilimfikiria akilala sakafuni Njombe na ile baridi, na nikafikiri maneno ni maneno tu, yatapita.

Agustino akainua simu. Rebeka akashika karatasi, nami namnong'oneza mstari kwa mstari. Akasema radhi, vizuri tu. Akasema si ya kweli. Akasema nilitumwa, ingawa hapo alikunja uso kama aliyemeza mbegu. Nikamnong'oneza wa mwisho. Akaishusha karatasi. Nikarudia.

"Hapana," akasema.

"Mstari mmoja tu, mama," akasema Agustino.

"Nimewapa mitatu, na yote ya uongo. Huu siwapi." Akaiweka karatasi mezani, akaikunjua vizuri kwa kiganja kama kitambaa. "Basil alipomzika mume wangu hakuwa amelewa. Alikuja na akili zake zote, akavaa koti la maiti, akanichekesha. Nami nilimzika na akili zangu zote. Nikisema nilikuwa nimelewa, basi yule mzee kazikwa na mlevi. Futa hiyo video, uniandikie polisi."

"Bi Rebeka, fikiria."

"Nimeshafikiria. Na nikisoma hii, Clemens, msiba gani utaniita tena? Mtani anayeomba radhi ni kama kisu cha plastiki. Nitabaki kuuza parachichi, na mdomo wangu nitakuwa nautumia kulia chakula tu."

Clemens akasimama, akatoka bila kuaga. Akabaki Agustino na kalamu zake. Alitaka kuonekana amefanya kazi, na ndipo akafanya kosa ambalo mtu wa huku asingelifanya hata akiwa usingizini. Aliandika tangazo la kumzuia Rebeka asihudhurie mkusanyiko wowote hadi shauri liishe. Halafu akaona kumtaja mtu mmoja kutaonekana chuki, kwa hiyo, kwa usomi wake, akaongeza mstari: "Aidha, shughuli za utani wa aina yoyote ndani ya kata zimesitishwa hadi hapo itakapotangazwa." Akapiga muhuri, akabandika ubaoni.

Mbena aliyepita akasoma, akapiga picha. Mpaka jioni Wabena wote wa kata wanayo.

Jumamosi ikawa arobaini. Mimi nilikwenda, maana nilimshonea Conjesta gauni la kuvaa akishavua nguo nyeusi. Sasa mila yetu ni hii: jivu la moto wa msiba halizolewi na wenye msiba. Linazolewa na mtani. Akishalizoa na kulitupa, ndipo mjane anavua nyeusi, ndipo chakula kinapakuliwa, ndipo watu wanakwenda nyumbani. Jivu likiwa uani, msiba bado upo.

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Misa imesomwa, wali umeiva, nyama imeiva, Conjesta ameketi kwenye mkeka na nyeusi yake, jivu liko mbele yake linaloa manyunyu.

"Enoki," Conjesta akamwita yule Mbena aliyeongoza kuchimba kaburi, "mwanangu, chukua koleo."

Enoki akatoa simu yake, akavaa uso wa kanisani. "Mama, ningependa sana. Lakini nasoma hapa kwamba utani umesitishwa. Mimi ni mtu wa kufuata sheria."

"Na wewe?" akamuuliza mwingine.

"Muhuri ni muhuri, mama."

Walikuwepo Wabena kama kumi na watano. Wameketi kwa mstari, mikono magotini, hakuna anayetania, hakuna anayecheka. Sijawahi kuona Wabena wana adabu kiasi kile. Ilitisha.

Mngoni mmoja mwenye njaa akasema, "Tulizoe wenyewe tu." Conjesta akamgeukia. Mama huyu ni mpole, lakini nilimwonea huruma yule mtu.

"Liguseni hilo jivu muone. Basil hakuwa mbwa." Kisha akamtazama Clemens aliyesimama pembeni ya ukuta, amevaa suti, anaangalia viatu. "Clemens."

"Naam, mama mdogo."

"Baba yako mdogo alizikwa na Rebeka. Wewe mwenyewe ulikata utepe, nilikuona. Kama Rebeka alikosea, basi maziko yale yalikosewa. Chukua jembe ukamfukue, tumzike upya kwa taratibu za serikali. Kama hakukosea, kamlete. Mimi nimechoka kuvaa nyeusi."

Clemens alikwenda nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa ameshika kuku.

"Mama Irine," akaniambia, "nisindikize."

Nilikaa kiti cha mbele cha gari la diwani na kuku mapajani. Njia nzima kuku ndiye aliyezungumza.

Rebeka alikuwa jikoni kwake anapukuchua njegere. Mlango umeegeshwa.

"Hodi," akasema Clemens.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi. Diwani au mtani?"

Clemens akanitazama kama mimi ndiye mwenye jibu. Nikatazama paa.

"Mtani," akasema.

"Basi huyo diwani mfungie garini asipatwe na baridi, wewe ingia."

Akaingia, akainama kwa sababu mlango ni mfupi, akamwekea kuku miguuni. Rebeka akamgeuza kuku huku na huku, akampapasa kifua.

"Mbona amekonda? Naye anategemea lile bomba?"

Clemens akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Suti yote. "Rebeka, hujui simu ninazopigiwa. Mpaka Njombe mkoani wananiita Diwani wa Makaburi. Mwanangu shuleni wanamwimbia ule wimbo."

"Pole. Hilo la mtoto, pole kweli." Akapukuchua mbili tatu. "Na hao wa Njombe uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ulikuwa umelewa."

"Ungewaambia mimi ni mtani wako."

"Wasingeelewa."

"Hukujaribu, Clemens. Pale kaburini ulikuwa mwanaume. Ulicheka, ukakata utepe, nikasema kumbe Basil alilea mtu. Ulipopigiwa simu moja tu, ukamkana."

Sikuona uso wake, alikuwa ameuinamisha. Alisema taratibu, "Faili halipo. La polisi. Lilikuwa kichwani mwangu tu."

"Na tangazo?"

Akatoa simu, akampigia Agustino, akaweka spika. "Mtendaji, lile tangazo la utani, lifute."

"Sawa, Mheshimiwa. Nilifute kwa barua au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, kwa mguu, kwa chochote! Watu wana njaa huku!"

Rebeka akakung'uta maganda kwenye sketi, akasimama. "Radhi yangu ile uliyoirekodi nusu?"

"Imefutwa."

"Apa."

"Kwa kaburi la baba mdogo."

"Lile ambalo ulilizindua mwenyewe. Haya, nimeamini."

Tuliporudi, Conjesta alikuwa ameweka kikapu kikubwa getini, kile cha kubebea mahindi. "Simu zote humu," akasema. "Hata ya padre. Anayetaka kumwona Rebeka amwone kwa macho." Watu walinung'unika, lakini waliweka. Sasa imekuwa desturi misibani kwetu, na mimi sijui niipende au niichukie. Mdomo wa Rebeka umebaki huru, ila umewekewa ukuta. Walioko nje ya ukuta, mtajua kwa kusoma.

Akazoa jivu kwenye beseni, anamsema Basil, anamsema Conjesta, anawasema Wabena kumi na tano kwa adabu yao ya uongo. Akajitwika beseni. Tukadhani atakwenda kumwaga kwenye migomba nyuma ya nyumba. Akatoka getini. Sisi nyuma yake, mstari mrefu, Clemens wa tatu. Akakata kulia, akapita duka la dawa, akafika kwenye lile bomba. Kibao cha uzinduzi kipo bado, na jina la mgeni rasmi kwa rangi ya bluu.

Akamwaga jivu lote chini ya koki.

"Lala hapa, mzee Basil," akasema. "Ndipo pakavu kuliko pote katika kata, mvua tu ndiyo itakusumbua."

Niliona mikono ya watu ikienda mifukoni, kwa mazoea, ikarudi mitupu. Wote tukamgeukia Clemens. Alikuwa amekaza midomo. Alikaza, akakaza, halafu kitu kikamtoka puani, na baada ya hapo hakuweza tena kujizuia. Alicheka ameshika kile kibao asianguke. Nyuma yetu Conjesta akafungua kile kitambaa cheusi kichwani, akasema, "Sasa tukale."

Jumanne walikuja mafundi wawili na spana kubwa. Bomba likatoa upepo, likatoa tope, likatoa sauti kama mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba. Kisha kimya. Wakasema watarudi. Kura za maoni Clemens alishinda kwa kura chache, na nasikia huko kwenye mkutano alijitambulisha mwenyewe kama Diwani wa Makaburi, watu wakamshangilia. Rebeka anasema sifa hizo ni zake na anamdai kuku wa pili.

Mimi nilibakiwa na jambo moja. Nilikwenda ofisi ya kata kudai mkasi wangu. Agustino akanionyesha bahasha ya kaki, imeandikwa KIDHIBITI kwa kalamu nyekundu, akaniambia utaratibu hauruhusu kuutoa mpaka niandike barua ya maombi, nakala tatu, isainiwe na mwenyekiti wa mtaa.

"Sawa," nikasema. "Mimi nina kazi nyingi. Nitamtuma Rebeka aufuate."

Aliichana bahasha kwa meno.